Sina mrengo: nitumie mizani gani kumchagua rais Agosti 2027?

Msimamo_Kati ameuliza:

Hamjambo wote. Uchaguzi mkuu wa Kenya ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027, na kila ninapouliza swali hili najibiwa kwa jina la mtu. Sitaki jina. Nataka mizani.

Sina kadi ya chama. Kuna mambo ya serikali iliyopo ninayoyakubali na mengine yanayoniumiza, na upande wa pili ni vivyo hivyo. Sipigi kura kwa kufuata kabila. Watu wa aina hii tuko wengi, ila mikutano ya hadhara haiandaliwi kwa ajili yetu, maana kule anatakiwa mtu wa kushangilia.

Mnaojua sheria na hesabu, nisaidieni kwa haya. Ikiwa mgombea ninayemkubali zaidi ni mdogo na hana ubavu wa kushinda, kumpa kura ni kuitupa? Wapo pia wanaosema ukichukizwa na wote nenda ukaharibu karatasi ili ujumbe ufike. Unafika kweli? Halafu ahadi: kila manifesto ni nono, sasa nipimeje kama jambo linawezekana kabla ya kupiga kura, si baada ya miaka mitatu? Na mgombea mwenza ana uzito wowote, au yupo wa kuleta kura za kwao tu?

HesabuZa47:

Ndugu, nianze na kuharibu karatasi kwa sababu hapo ndipo watu wenye nia njema wanapopoteza nguvu yao bila kujua.

Kifungu cha 138 cha Katiba kinamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Swali likawa: "kura zote" ni zipi? Mwaka 2013 tume ya uchaguzi ilizijumlisha hata zilizokataliwa, Uhuru Kenyatta akatangazwa kwa asilimia 50.07, akiwa amevuka nusu kwa kura kama 8,400 tu. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, majaji walisema kura iliyokataliwa haiingii katika hesabu hiyo. Ukizitoa, asilimia yake inapanda hadi 50.51. Kwa hiyo karatasi uliyoiharibu kwa hasira haimpunguzii mtu yeyote hata sehemu ya asilimia. Kwa hesabu ya urais, ni sawasawa na kubaki nyumbani.

Sasa linganisha na kura halali kwa mgombea mdogo. Hiyo inaingia kwenye jumla, na jumla ikipanda, mstari wa nusu unapanda nao. Tazama 2022:

William Ruto 7,176,141
Raila Odinga 6,942,930
George Wajackoyah 61,969
David Mwaure Waihiga 31,987

Jumla ya kura halali 14,213,027. Nusu yake ni 7,106,513 na kidogo. Ruto aliivuka nusu kwa kura 69,627. Kila kura halali inayokwenda kwa mtu mwingine huuinua mstari kwa nusu kura, kwa hiyo zingehitajika kura 139,255 zaidi, kwa mgombea yeyote mwingine, ili asivuke. Vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya. Ni kura tatu kwa kituo! Watu watatu katika kila foleni, kati ya wale waliobaki nyumbani au waliokataliwa karatasi (zilikataliwa zaidi ya 113,000), na nchi ingekwenda duru ya pili.

Sisemi ingekuwa bora au mbaya. Nasema kura ya mgombea mdogo katika duru ya kwanza ina kazi inayohesabika, na kura iliyoharibiwa haina.

Baraza_Likoni:

Nakubaliana na HesabuZa47 kuhusu karatasi zilizoharibika, ila hapo kwa mgombea mdogo tuongeze tahadhari mbili, asije mwenzetu akatoka hapa na nusu ya maelezo.

Ya kwanza: tangu Katiba ya 2010 duru ya pili haijawahi kufanyika hata mara moja. 2013, 2017 na 2022 mshindi alitangazwa katika duru ya kwanza. Ule uchaguzi wa 26 Oktoba 2017 haukuwa duru ya pili. Ulikuwa wa marudio, baada ya Mahakama ya Juu kuyabatilisha matokeo ya Agosti tarehe 1 Septemba. Kwa hiyo ukipanga kwamba "duru ya kwanza nafuata moyo, ya pili nafuata akili", jua kwamba hiyo ya pili huenda isifike kabisa. Ikifika, lazima ifanyike ndani ya siku 30 tangu uchaguzi wa kwanza, wanabaki wawili wa juu, na mwenye kura nyingi anashinda.

Ya pili inategemea wagombea wenye nguvu ni wangapi. Wakiwa wawili na wadogo wachache, kama 2022, kura yako kwa mdogo inamzuia anayeongoza asifike nusu kwa kiasi kilekile ambacho ingemzuia ukimpa mpinzani wake mkubwa. Jumla ni moja. Lakini wakiwa watatu wenye nguvu, mambo hubadilika, kwa sababu swali si tena nani atavuka nusu bali nani atashika nafasi ya pili. Hapo wapigakura wa katikati wakigawanyika kati ya wagombea wawili wanaofanana sera, wote wawili wanaweza kushika nafasi ya tatu na ya nne, kisha duru ya pili mkaletewa watu wawili msiowataka.

Kwa hiyo jiulize mambo mawili kwa mpangilio huu. Kuna mgombea ambaye kwako ni hatari kuliko wengine wote? Kama hayupo, mpe kura unayemkubali bila wasiwasi. Kama yupo, je, waliobaki ni wangapi wenye uwezo wa kushika nafasi mbili za juu? Akiwa mmoja, kura ya mdogo haikugharimu kitu katika kumzuia huyo hatari asivuke nusu. Wakiwa wawili au zaidi, subiri hadi wiki mbili za mwisho uone ni yupi kati yao amebaki na pumzi.

BiKatiba:

Msimamo_Kati, swali lako la ahadi lina sehemu mbili. Moja ni ya pesa, nitawaachia wengine. Nyingine ni ya mamlaka, na hiyo ndiyo rahisi kuliko zote lakini watu hawaifanyi.

Chukua manifesto, chukua kalamu nyekundu, na uweke Jedwali la Nne la Katiba pembeni. Jedwali hilo linagawa kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, shule za chekechea, maafisa wa kilimo mashinani, masoko, barabara za kaunti: hizo ni kazi za gavana. Polisi, ulinzi, shule za msingi na upili, vyuo vikuu, hospitali kuu za rufaa, barabara kuu na sera ya uchumi ni za serikali ya kitaifa. Mgombea urais anayekuahidi zahanati katika kila kijiji anakuahidi kazi ya mtu mwingine. Anaweza kusaidia kwa pesa, naam, lakini lazima akuambie ni kwa njia gani: kuongeza mgao wa kaunti, au ruzuku yenye masharti. Asiposema, chora mstari.

Kisha angalia ahadi zinazotaka sheria. Rais hawezi kutoza ushuru wala kuuondoa kwa kauli yake, sharti ipitishwe sheria. Tarehe 25 Juni 2024 Bunge la Kitaifa lilipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106, na siku iliyofuata, baada ya maandamano na watu kuuawa, rais akatangaza hatautia saini. Kumbuka wale 195. Bila wao mswada haungefika mezani kwake.

Ndiyo maana naona mpigakura wa katikati ana chombo ambacho mfuasi sugu hakitumii: karatasi ya kijani, ile ya mbunge. Hakuna sheria inayokulazimisha kupiga "suti ya nguo sita", yaani chama kimoja katika nafasi zote sita. Ukimwamini mgombea urais kwa uchumi lakini unaogopa asidhibitiwe, mpe kura ya rais, halafu mbunge umchague kutoka upande mwingine.

Ila usitazame chama peke yake. Julai 2024 viongozi wa ODM, chama cha Raila Odinga, waliteuliwa katika baraza la mawaziri la mrengo waliokuwa wakiupinga, na tarehe 7 Machi 2025 UDA, chama cha rais, na ODM vikatia saini makubaliano ya kushirikiana. Aliyemchagua mbunge wa upinzani 2022 ili awe kizuizi alijikuta na mbunge wa upande wa serikali bila kuulizwa. Kwa anayetetea kiti, soma kumbukumbu za Bunge uone alipiga kura gani katika miswada ya fedha ya 2023 na 2024. Kwa mgeni, muulize hadharani, mbele ya simu zinazorekodi.

Ahadi ya kubadilisha Katiba nayo ina kipimo chake. Kwa njia ya Bunge zinahitajika theluthi mbili ya mabunge yote mawili: wabunge 233 kati ya 349, na maseneta 45 kati ya 67. Mswada ukisomwa mara ya kwanza, haurudi kusomwa mara ya pili mpaka siku 90 zipite. Na mambo ya msingi, kama muhula wa rais au haki za binadamu, hayaishii Bungeni, yanahitaji kura ya maamuzi. Njia nyingine ni ya wananchi kukusanya saini, lakini Mahakama ya Juu ilisema wazi tarehe 31 Machi 2022, katika kesi ya BBI (mpango wa kubadilisha Katiba), kwamba rais hawezi kuianzisha njia hiyo. Kwa hiyo mtu akisema "ndani ya siku mia moja nitabadilisha Katiba", huhitaji kumchukia. Siku 90 ziko katika kusubiri tu.

Kuhusu mgombea mwenza: ana uzito, tena mkubwa. Alama moja kwenye karatasi nyeupe, ile ya rais, inawachagua watu wawili. Rais akifariki, akijiuzulu au akiondolewa, naibu anamaliza muhula wote uliobaki bila uchaguzi. Lakini naibu mwenyewe akiondoka, humchagui mwingine: rais anapendekeza jina ndani ya siku 14 na Bunge la Kitaifa linapiga kura ndani ya siku 60. Tumeliona: Seneti ilimwondoa Rigathi Gachagua tarehe 17 Oktoba 2024, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo usimpime mwenza kwa kura anazoleta. Mpime kama mtu atakayekaa kwenye kile kiti miaka minne, kwa sababu inawezekana.

Mlipa_Ushuru:

Nichukue upande wa pesa. Njia ni moja tu na haitaki digrii: geuza kila ahadi iwe idadi ya watu, mara shilingi, mara miezi 12. Kisha ilinganishe na kitu unachokijua.

Nitatumia ahadi za 2022 za pande zote mbili ili ionekane simwindi mtu. Azimio, mrengo wa Raila Odinga, waliahidi shilingi 6,000 kwa mwezi kwa familia maskini milioni mbili. 6,000 mara milioni 2 ni bilioni 12 kwa mwezi. Mara 12, bilioni 144 kwa mwaka. Ni nyingi au kidogo? Mgao wa kaunti zote 47 katika mwaka wa fedha wa 2022/23 ulikuwa bilioni 370. Kwa hiyo ahadi moja ilikuwa karibu asilimia 39 ya kila kitu ambacho kaunti zote hupewa kulipa wauguzi, dawa, barabara na maji. Haimaanishi haiwezekani. Inamaanisha mgombea alipaswa kukuonyesha bilioni 144 zinatoka wapi, kwa kutaja kodi au matumizi yatakayokatwa.

Kenya Kwanza, mrengo wa William Ruto, nao waliahidi bilioni 50 kwa mwaka za mikopo kwa wafanyabiashara wadogo, ndipo ukaja Hazina ya Hustler tarehe 30 Novemba 2022. Hapo swali ni tofauti, kwa sababu mkopo si ruzuku. Unauliza: wasipolipa, nani anabeba? Mkopo ukirejeshwa, pesa zilezile zinazunguka na mwaka wa pili hauhitaji bilioni 50 mpya. Usiporejeshwa, umegeuka ruzuku ambayo haikuandikwa kama ruzuku. Ahadi ya mikopo isiyosema kiwango cha kurejesha inachotarajia ni nusu ahadi.

Jambo la pili, na hapa ndipo wengi tuliumia: soma manifesto ukiwa na hati yako ya mshahara mkononi. Mgombea akisema "nyumba nafuu" au "afya kwa wote", hiyo ni sentensi inayoishia kwenye safu ya makato. Mfano wa mshahara wa 30,000. Ada ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 450, na mwajiri anaweka 450 nyingine. Ilianza na Sheria ya Fedha ya 2023, mahakama ikaifuta Novemba mwaka huo, ikarudi kwa sheria yake yenyewe Machi 2024. Bima ya afya ya SHIF, tangu Oktoba 2024, ni asilimia 2.75, yaani 825. Chini ya NHIF, bima ya zamani, mtu huyu alikuwa akikatwa 900, kwa hiyo kwenye afya makato yake yamepungua kwa 75. Sasa chukua mwenye 100,000: NHIF ilikuwa 1,700, SHIF ni 2,750, na ada ya nyumba 1,500. Kwa hesabu ya makato ya afya peke yake, sera moja imempa nafuu mmoja na kumbana mwingine. Ndiyo maana "imetuumiza" na "imetusaidia" zote zinaweza kuwa kweli katika nyumba mbili za mtaa mmoja, na ndiyo maana lazima upige hesabu ya kwako, usikubali ya jukwaani.

Cha kufanya: chagua ahadi tano tu zinazokugusa. Tano, si hamsini. Kwa kila moja andika nani anafaidi, ni kiasi gani kwa mwaka, pesa inatoka wapi, na inahitaji sheria mpya au la. Ahadi yenye majibu manne ipe alama kamili. Yenye mawili, nusu. Isiyo na jibu la "inatoka wapi" ipe sufuri hata kama inakupendeza, na hasa kama inakupendeza. Halafu tafuta Taarifa ya Sera ya Bajeti, ambayo Hazina ya Kitaifa hupeleka Bungeni kila mwaka kufikia tarehe 15 Februari. Ya Februari 2027 itakuwa kipimo kizuri sana kwa sababu inatoka miezi sita kabla ya kura: serikali iliyopo itaonyesha mapato inayotarajia na nakisi yake, na mpinzani atakuwa na takwimu zilezile za kufanyia hesabu zake. Asiyezitumia atakuwa ameamua kutozitumia.

Msimamo_Kati:

Asanteni sana, hasa kwa zile kura tatu kwa kituo. Nimeshangaa. Mawili yamebaki. Mmesema nisubiri wiki za mwisho nione nani amebaki na pumzi, lakini kura za maoni kila mtu anaonyesha zake. Nizisomeje? Na rekodi ya mgombea, mbali na yale ya mitandaoni, naitafuta wapi?

HesabuZa47:

Kura za maoni: sheria ya 2012 inamtaka anayezichapisha aseme nani alilipia, waliohojiwa ni wangapi na kiwango cha makosa. Ukikosa mojawapo, usisome hata asilimia.

Wakihojiwa watu 2,000, kiwango cha makosa ni kama asilimia 2.2 juu au chini, kwa kila mgombea. Kwa hiyo 47 kwa 45 si uongozi, ni sare. Angalia pia wasioamua na waliokataa kujibu. Wakiwa asilimia 8 na tofauti ya juu ni 4, uchaguzi bado uko mikononi mwa hao 8. Mwaka 2022 kura nyingi za maoni za wiki za mwisho zilimweka Raila Odinga mbele, matokeo yakawa vingine.

Kosa baya zaidi ni kusoma jedwali la kaunti. 2,000 ukigawa kwa 47 ni watu 43 kwa kaunti, na kwa watu 43 kiwango cha makosa ni kama asilimia 15. Gazeti likiandika "fulani aongoza kaunti yetu kwa asilimia 10" kwa sampuli hiyo, halijakuambia kitu. Chukua tafiti tatu za wahoji tofauti, za wiki moja, na utazame mwelekeo tu: nani anapanda, nani anashuka, na wa tatu yuko mbali kiasi gani na wa pili. Hilo la mwisho ndilo unalolihitaji kwa ule ushauri wa Baraza_Likoni.

Mkaguzi_Jirani:

Rekodi inategemea mtu alikuwa nani.

Aliyewahi kuwa gavana, waziri au mkuu wa shirika la umma: ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za miaka yake. Usianze na kurasa za kashfa, anza na hati aliyopewa. Kuna hati safi, hati yenye kasoro zilizotajwa, hati mbaya, na hali ambapo mkaguzi anakataa kabisa kutoa maoni kwa sababu hakupewa nyaraka. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu hata wizi haujulikani kama upo. Hati moja mbaya mwaka wa kwanza inaweza kuwa mzigo aliourithi. Angalia mwaka wa nne na wa tano: imepanda au imeshuka? Kisha ripoti za Msimamizi wa Bajeti, uone malimbikizo ya madeni ya wakandarasi aliyoyakuta na aliyoyaacha, na ni sehemu gani ya bajeti ya maendeleo ilitumika kweli.

Aliyekuwa mbunge au seneta: kumbukumbu za Bunge. Aliyewahi kushtakiwa: hukumu zenyewe zinapatikana bure katika tovuti ya Kenya Law. Soma aya za mwisho, maana "kuachiliwa" kwa kukosa ushahidi, kesi kuondolewa na mwendesha mashtaka, na hakimu kusema hana hatia ni mambo matatu tofauti, ingawa jukwaani yote huitwa "nilisafishwa na mahakama".

Mdahalo nao ni rekodi. 2017 Uhuru Kenyatta hakufika, Raila Odinga akasimama peke yake. 2022 Raila hakufika, William Ruto akasimama peke yake. Kila upande umewahi kukwepa. Kwa mtu ambaye hajaamua, asiyekuja amekunyima dakika tisini za kumpima, na una haki ya kumkata alama kwa hilo.

Karani_34A:

Yote hayo yatapotea kama karatasi itakataliwa au jina halipo, kwa hiyo niongeze ya mezani.

Hakiki jina lako kwenye daftari mapema, pamoja na kituo. Unapiga kura pale ulipojiandikisha tu, na kwa hati ileile uliyojiandikishia: aliyetumia kitambulisho aende nacho, aliyetumia pasipoti aende nayo. Ukiwa umehama, omba uhamisho kabla ya usajili kufungwa, maana siku ya kura hakuna anayeweza kukusaidia. Waliojiandikisha ughaibuni hupiga kura ya rais pekee.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Ukiwa tayari kwenye foleni saa hiyo ikifika, utapiga kura.

Karatasi ni sita. Nyeupe ni ya rais, kijani mbunge, manjano seneta, zambarau mwakilishi wa wanawake, buluu gavana, na ya rangi ya kaki ni ya mwakilishi wa wadi. Vifuniko vya masanduku vina rangi hizohizo. Weka alama moja ndani ya kisanduku cha mgombea mmoja. Usiandike jina lako, saini wala ujumbe: chochote kinachoweza kukutambulisha kinaifanya karatasi ikataliwe. Ukikosea kabla ya kuitumbukiza, irudishe kwa msimamizi uombe nyingine, wala usijaribu kufuta. Si zote zinazokataliwa ni za hasira: ukiweka alama kwa wawili, ukidhani unachagua rais na mwenza wake kando kando, nayo hukataliwa.

Baada ya kuhesabu, nakala ya fomu 34A hubandikwa mlangoni mwa kituo. Ina kura za kila mgombea, zilizokataliwa, na idadi ya waliosajiliwa. Piga picha. Fomu 34B ni ya eneobunge, 34C ya taifa. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufaa wa Juni 2017, matokeo yaliyotangazwa katika ngazi ya eneobunge ni ya mwisho, makao makuu hayana ruhusa ya kuyabadilisha. Mwaka 2022 tume iliweka picha za 34A kwenye mtandao, kila mtu akajijumlishia. Linganisha picha yako na ile ya mtandaoni. Zikitofautiana hata tarakimu moja, mpe wakala wa chama chochote siku hiyohiyo, kwa sababu kesi ya urais lazima ifunguliwe ndani ya siku saba baada ya kutangazwa mshindi, na Mahakama ya Juu inaamua ndani ya siku 14.

Msimamo_Kati:

La mwisho, Karani. Nikishindwa kuamua nafasi nyingine, nikampigia rais tu na hizo tano nikazirudisha tupu, kura ya rais itaathirika?

Karani_34A:

Haiathiriki. Kila karatasi inahesabiwa peke yake na sanduku lake. Zile tano tupu zitaingia kwenye zilizokataliwa za nafasi hizo. Ila usitoke nazo nje ya kituo wala usiziache kibandani: zitumbukize zote sita, kila moja kwenye kifuniko cha rangi yake. Na ile ya kijani, ukisoma tena aliyoandika BiKatiba, nadhani ungeijaza.